Mwanangu, simu yangu niachie mimi

Mwanangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata na nimemsomea baba yako kwa sauti, maana miwani yake bado iko kwa fundi na yeye hataki kukiri kwamba ameisahau huko. Unauliza ubadilishe namba au usibadilishe, kwa sababu bafere, hao matapeli wa simu, wanakupigia hata ukiwa kazini, mara umeshinda promosheni, mara kuna pesa imekosewa njia imeingia kwako uirudishe. Halafu chini kabisa umechomeka kwamba ukija Idi utaniwekea kwenye simu programu ya kukata namba zote ambazo sijazihifadhi.

Hilo la chini ndilo ninalolijibu kwanza. La namba yako nitafika nikifika.

Usiniwekee.

Unadhani mama amezeeka, akiambiwa ameshinda pikipiki atakimbilia kununua helmeti. Umesahau ada yako ya shule ilitoka wapi. Ilitoka kwenye sikio hili. Nilikaa kwenye ubao wa simu pale Tororo enzi za Shirika la Posta na Simu la Uganda, kabla halijagawanywa mwaka 1998, tukiunganisha watu kwa waya na plagi, wanalipia dakika tatu tatu. Kusikiliza maongezi ya watu ilikuwa marufuku, lakini ilibidi uhakikishe wamepatana kabla hujatoka kwenye laini, na katika kipande hicho kidogo unajua: huyu ana msiba, huyu anadaiwa, huyu anamdanganya mkewe. Mwongo hajibu ulichomuuliza. Anajibu alichokuja nacho.

Ndiyo maana nawaambia tangu mkiwa wadogo, na baba yako akisikia naanza hutoka nje: haraka ni ya mwenye kuchukua. Anayetoa pesa yake hana sababu ya kukimbia.

Yule kijana tapeli wa mwaka jana ulisimuliwa na dada yako Zaina, na Zaina huongeza chumvi. Ilikuwa hivi. Simu imeita, namba ngeni, nikapokea.

“Mama, napiga kutoka hospitali. Mwanao amegongwa na boda. Daktari anataka 300,000 kabla hajamgusa.”

Nikamuuliza, mwanangu yupi?

“Yule wa Kampala.”

“Walio Kampala ni wawili.”

Akanyamaza kidogo. “Yule mkubwa.”

“Mkubwa wangu yuko hapa anamenya mihogo.”

“Basi mdogo, Mama! Unapoteza muda, anatoka damu!”

Unaona alichokuwa anakitafuta? Jina. Alikuwa hana jina, ananingoja nimpe. Hapo ndipo mama wa watu hupiga kelele, “Ni Hamisi?” naye hujibu, “Ndiyo, Hamisi,” na kuanzia dakika hiyo yule mama ataapa msikitini kwamba mpigaji alimtaja mtoto wake kwa jina. Sikumpa. Nikamwambia anitajie namba ya daktari. Akataja, na jina la daktari akalitaja, la kiume. Nikaingia kwenye mobail mani, pesa za simu, kana kwamba natuma, kwa sababu kabla ya kuweka namba ya siri jina la mwenye laini hutokea. Likatokea jina la mwanamke. Nikampigia tena, nikamwambia daktari wenu ana jina zuri la kike.

Akacheka! Wallahi alicheka. Akasema, “Mama, wewe ni CID.” Kisha bila hata aibu akaomba nimtumie japo elfu mbili ya vocha, kwa sababu mazungumzo yamemmalizia salio. Zaina alidondosha kisu kwa kicheko. Mpaka leo nikikumbuka lile “wewe ni CID” siku yangu inakuwa njema.

Baba yako anasema siku ile niliendesha shule ya wezi. Kwamba yule kijana sasa, kabla ya kugonga mtu na boda, anauliza kwanza mama ana watoto wangapi na wako wapi. Huenda ni kweli. Wakati mwingine nikilala nafikiri huenda nilimnoa mtu ambaye kesho atampata mama mwingine aliye peke yake, asiye na Zaina wa kumenya mihogo pembeni. Lakini tena, angejifunza tu, kwangu au kwingine. Na kupokea simu hakunigharimu hata shilingi. Hasara haiko kwenye kupokea, iko kwenye kidole baada ya kupokea.

Kwa kidole namaanisha Shangazi Mwajuma, na hili hatujawahi kulizungumza vizuri kwa sababu ukilitaja analia. Unakumbuka laini zilivyoanza kusajiliwa mwaka 2012, kisha 2017 tukaambiwa upya kila mtu ahakikishe laini yake kwa kitambulisho cha taifa, la sivyo inafungwa. Ile hofu ya kufungiwa haijawatoka watu, na bafere wanaijua kuliko serikali. Akapigiwa jioni: laini yako haijahakikiwa, inafungwa leo saa sita usiku, bonyeza haraka nyota mbili, ishirini na moja, nyota, kisha namba hii nakutajia, kisha heshi. Akabonyeza.

Mimi niliposikia zile tarakimu nilikaa chini. **21* ni kuhamisha simu. Kazi niliyokuwa naifanya kwa mkono, nachomoa plagi hapa nachomeka pale, sasa mtu anaifanya mwenyewe kwa tarakimu, na kila anayempigia Mwajuma anaangukia kwa mwizi. Wala hawakuhitaji namba yake ya siri. Wakaomba WhatsApp ya Mwajuma ifunguliwe kwenye simu yao, wakachagua namba ya uthibitisho isomwe kwa kupigiwa badala ya ujumbe, simu ikapigwa, ikahamia kwao, basi. Ndani ya saa moja Shangazi yako alikuwa anaomba 150,000 kwa ukoo mzima, kwa picha yake ile ya harusi ya Rukia. Wewe mwenyewe ulitaka kutuma. Binamu zako wawili walituma.

Dawa yake ni kubonyeza ##002#, inafuta kila uhamisho uliowekwa kwenye laini. Iandike mahali. Lakini nakuuliza wewe uliyesoma: ile programu yako ingetusaidia nini siku hiyo? Mwizi aliyetuumiza hakuja kwa namba ngeni. Alikuja kwa jina la Shangazi, limehifadhiwa, lina picha.

Nilitaka kuishia hapo. Baba yako amerudi ndani, na mimi nimekwishaanza, basi niseme.

Unajua Zaina alipokuwa Riyadh, kule Saudia, kwa kazi ya ndani, yule mama wa nyumba alimchukulia simu. Unalojua nusu ni usiku ule. Ilikuwa saa tano, na saa zao na zetu ni moja, kwa hiyo huko nako ni saa tano. Simu ya baba yako ikaita, namba imeanza na 966. Akaikata. Ikaita tena. Akaikata, akazima simu kabisa, akageukia ukutani.

Na alikuwa na haki! Nisikilize vizuri, simlaumu, ingawa yeye anaona namlaumu kila nikishika bilauri. Siku zile ilikuwa msimu wa bipu za ng'ambo. Namba ya nchi usiyoijua inaita mara moja inakatika, inakuacha na hamu. Ukipiga wewe, unatozwa bei ya nje iliyopandishwa, na fungu la pesa hiyo linarudi kwa aliyebipu. Redioni walikuwa wanaonya. Jirani yetu mmoja salio lake lilikwisha hivyo. Baba yako alifuata alichoambiwa na watu wenye akili.

Lakini mwenye kubipu hataki uongee naye. Anakata yeye, upesi, kabla hujagusa simu. Ile ya usiku ule iliita mpaka baba yako alipoikata yeye. Mara zote mbili. Nililisikia hilo kutoka kitandani na sikio langu likaniambia huyu ni mtu anayesubiri, nikasema, na baba yako akasema lala.

Alikuwa Zaina, kwa simu ya msichana wa Kifilipino wa nyumba ya pili, dakika chache alizopewa wakati wa kutoa takataka. Alitaka tuende kwa wale waliompeleka tuwaambie hajalipwa. Hakupata simu nyingine kwa muda mrefu, na mshahara wa miezi ile hakuuona mpaka leo. Aliporudi alitusimulia barazani akicheka, unamjua, anafanya na sauti za watu. Sisi sote tulicheka isipokuwa mtu mmoja. Tangu siku hiyo baba yako hapokei simu wala hakati. Inaita, anaitazama, ananiletea.

Sasa wewe utanikamata, maana una maneno kama Babu yako: Mama, si umesema haraka ni ya mwenye kuchukua? Zaina naye alikuwa na haraka. Ndiyo, nimeliwaza hilo sana, na kuna siku kauli yangu inalegea mikononi mwangu. Mwenye shida naye anakimbia. Mwenye shida naye sauti inamtetemeka, naye anapiga usiku kwa namba ya mtu. Ukimweka Zaina wa kweli kando ya kijana wa hospitali, kwa sekunde tano za kwanza huwatofautishi. Hata mimi siwezi.

Tofauti inakuja baadaye. Zaina alikuwa na haraka ya kusema. Yule kijana alikuwa na haraka ya mimi kufanya. Uliza swali dogo la nyumbani: mwenye haraka ya kusema atalijibu, atalia akilijibu, lakini atalijibu, mwenye haraka ya kuchukua atakufokea. Nikisema hivyo kauli yangu inasimama tena, ingawa baba yako anasema nimeibadilisha katikati ya mchezo. Lakini swali huwezi kumuuliza mtu uliyemkata.

Kwa hiyo nyinyi wote, ukiwemo wewe, mkipiga kwa namba ngeni nitawauliza yule mbuzi wa Babu aliyekula Kalenda ya Posta aliitwa nani. Msikasirike. Rukia alikasirika juzi, akasema Mama si unaijua sauti yangu? Sauti siku hizi zinaigwa na mashine, nimesikia mwenyewe. Mbuzi wetu bafere hawamjui.

Namba yako sasa. Zaina kule hakuwa na daftari wala simu. Kichwani alikuwa na namba moja tu, ya baba yako, kwa sababu baba yako hajaibadilisha tangu aliponunua laini yake ya kwanza na mlikuwa mkiimba zile tarakimu mkienda shule. Yangu hakuikumbuka. Yako ulikuwa umeshabadilisha mara nyingi hata sisi tunakuandika kwa kalamu ya risasi. Jiulize nani anaijua namba yako kwa kichwa. Watoto wako wanaijua? Mkeo, akiibiwa mkoba pale soko la Owino, atakupigia kwa simu ya nani na atabonyeza nini?

Ila nawe una hoja. Mtu hawezi kufanya kazi simu inaita kutwa, na bosi anakutazama. Bafere wakishakuwa na namba yako wanauziana. Wewe ni mtu mzima mwenye nyumba yako, na nilimuahidi baba yako kwamba safari hii sitakuamulia. Siamui. Nasema tu kwamba ukibadilisha, ile ya zamani usiitupe, kwa sababu laini isiyotumika hufungwa na kampuni humuuzia mtu mwingine, na huyo mtu ataanza kupokea ujumbe wa benki yako na wa mobail mani yako akiwa amekaa zake Mbale. Iweke kwenye kasimu kadogo ka tochi, uitilie vocha mara moja moja, ikae nyumbani kwa mkeo. Na hapo, sasa ndio naona, nimeshakuamulia. Baba yako anatikisa kichwa.

Zaina na wanawe wanakuja Jumapili. Piga baada ya magharibi, kwa namba yoyote utakayokuwa nayo. Baba yako anasema atapokea yeye, nami nimemwambia tutaona.

Mama yako