Sasisho likigoma, usikimbilie kupiga Windows upya

Kompyuta ya zamani ikianza kugoma kusasishwa, mtaani utapewa ushauri mmoja tu: "Piga Windows upya," yaani ifute na kuisakinisha tena. Fundi atakwambia hivyo, jirani atakwambia hivyo, na kijana wa dukani atakwambia hivyo hivyo huku ameshachomeka flashi yake. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeangalia kompyuta za watu, nyingi zikiwa za mtumba, na nimeona picha za harusi na hesabu za duka za miaka zikipotea kwa sababu ya haraka hiyo. Inaniuma kila ninapoikumbuka, kwa sababu sasisho linapokwama, mara nyingi kuna kitu kimoja kinacholizuia, na kitu hicho unaweza kukitafuta bila kufuta faili hata moja.

Nitazungumzia Windows 10, maana ndiyo imejaa kwenye mashine hizo za zamani. Kama yako bado ina Windows 7, huduma yake ilikoma tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo usihangaike kuisasisha. Nenda moja kwa moja mwisho wa makala hii.

Kabla ya lolote, hamishia vitu vyako muhimu kwenye diski ya nje. Kisha tafuta namba ya kosa. Fungua Settings, ingia Update & Security, halafu View update history. Pale kila sasisho lina jina lake linaloanza na KB, na lililoshindikana linaonyesha namba ndefu inayoanza na 0x. Iandike kwenye karatasi kama ilivyo, bila kuruka sifuri hata moja. Watu wengi huiona namba hii wakafunga dirisha, wakabonyeza Retry, ikagoma, wakabonyeza tena, bando likaisha. Namba hiyo ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia. 0x80070070 ni nafasi kwenye diski. 0x80073712 ni mafaili ya Windows yenyewe yaliyoharibika au kukosekana. Zile zinazoanza na 0xC1900101 mara nyingi ni draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa kama printa au kadi ya Wi-Fi. Na 0x80072f8f, ambayo kwenye mashine kongwe huonekana sana, kwa kawaida ni saa.

Hiyo ya saa inastahili maelezo, kwa sababu hakuna anayeifikiria. Mjomba wangu wa Tanga alinipigia simu akasema, "Mjomba, hii kompyuta kila siku inataka kusasishwa, na kila siku inakataa. Hata benki kwenye intaneti haifunguki." Nikamwomba anisomee tarehe iliyo kona ya chini kulia. Akasoma: mwaka 2009. Kompyuta inapowasiliana na seva za Microsoft, seva huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine inayoamini kwamba tuko 2009 inakiona cheti hicho hakijaanza hata kutumika, hivyo inakata mawasiliano. Ndiyo maana na benki ilikuwa haifunguki.

Kurekebisha tarehe kwa mkono hakutoshi kama inarudi nyuma kila unapochomoa waya wa umeme. Hapo kilichokufa ni betri ndogo ya bodi, ile ya duara kama sarafu, iliyoandikwa CR2032. Ni ya volti 3, inauzwa mpaka kwenye maduka ya saa, na bei yake ni ndogo. Zima mashine, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua ubavu wa kasha. Betri utaiona imelala ndani ya kikombe cheusi cha plastiki. Gusa kwanza chuma cha kasha ili utoe umeme tuli mwilini, sukuma kibanio kidogo kilicho pembeni kwa ncha ya bisibisi, nayo itaruka juu yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, mashine inaweza kulalamika kwamba mipangilio imepotea. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, weka tarehe na saa, hifadhi, toka. Ndani ya Windows hakikisha eneo la saa ni UTC+03:00 Nairobi, hata kama uko Dar es Salaam au Kampala, maana ndivyo linavyoitwa mle. Kwenye laptopu betri hiyo mara nyingi ina waya na imefichwa ndani, kwa hiyo kama hujawahi kufungua laptopu mpe fundi. Ila mwambie wazi unachotaka: abadilishe betri, asipige Windows.

Kwa mjomba ilikuwa betri tu. Masasisho yakaanza kushuka jioni ile ile.

Sababu ya pili ninayokutana nayo ni nafasi, na hapa kuna mtego. Watu huangalia diski C, wakaona imebaki GB 6, wakasema nafasi ipo. Sasisho la kila mwezi linashuka likiwa limebanwa, halafu linafunguliwa, halafu mafaili ya zamani nayo yanatunzwa ili mashine iweze kurudi nyuma mambo yakiharibika. Kwa sasisho kubwa la kubadilisha toleo zima, mimi siridhiki mpaka nione GB 20 ziko wazi. Andika cleanmgr kwenye kisanduku cha kutafutia, kifungue, chagua diski C, kisha bonyeza "Clean up system files". Kitufe hicho ndicho chenye faida, kwa sababu ndicho kinachoonyesha mabaki ya masasisho ya zamani na folda ya Windows.old, ambayo peke yake huweza kumeza GB nyingi. Angalia tu usiweke tiki kwenye Downloads kama unahifadhi nyaraka zako humo. Laptopu ndogo zilizotoka na hifadhi ya GB 32 ndizo zinazosumbua zaidi. Kwa hizo chomeka flashi tupu ya GB 16 au zaidi, na programu ya kusasisha ikikuuliza iwapo itumie hifadhi ya nje, kubali.

Kuna nafasi nyingine ambayo huioni. Diski yako ina vipande vidogo vilivyofichwa. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 7 mara nyingi ina kipande kiitwacho System Reserved chenye MB 100 tu, na kikijaa, sasisho kubwa linagoma hata kama C iko tupu. Januari 2024 lilitokea jambo linalofanana na hilo dunia nzima: sasisho namba KB5034441 lilihitaji MB 250 wazi kwenye kipande cha urejeshaji, mashine nyingi hazikuwa nazo, na kilichoonekana kikawa 0x80070643, namba isiyotaja nafasi hata kidogo. Microsoft wenyewe walilikiri tatizo hilo na wakatoa maelekezo ya kukipanua kipande hicho kwa mkono. Kazi hiyo si ya kujaribia. Ukikosea kipande, diski nzima inaweza kupotea, kwa hiyo kama hujazoea kuchezea vipande vya diski, mtafute anayejua na usimame pembeni yake.

Saa na nafasi zikiwa sawa, pima afya ya diski kabla ya kuendesha amri yoyote ya kurekebisha. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu maelekezo mengi huanza na amri za kurekebisha, na amri hizo huisomesha diski kwa nguvu muda mrefu. Diski inayokufa inaweza kumalizikia hapo hapo, na vitu vyako ndani. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama msimamizi, andika wmic diskdrive get status. Ikijibu "Pred Fail", acha masasisho, toa vitu vyako leo leo. Ikijibu OK usitulie moja kwa moja. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaonyesha zaidi, na ukiona neno Caution lenye rangi ya njano chukulia kwamba diski imeanza kuchoka. Sikiliza pia kwa sikio. Diski ya sahani inayogonga tik tik kila inapoitwa inakwambia jambo.

Diski ikiwa nzima, ndipo amri mbili. Ya kwanza ni DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayohitaji intaneti kwa sababu huleta mafaili mazima kutoka kwa Microsoft. Ikimaliza fuata na sfc /scannow. Kwenye mashine ya zamani ile ya kwanza inaweza kuganda kwenye asilimia ile ile muda mrefu. Iache, kanywe chai. Kama bado inagoma, futa mzigo ulioshuka vibaya: andika net stop wuauserv, kisha net stop bits, nenda kwenye C:\Windows\SoftwareDistribution na ufute vilivyomo ndani ya folda ya Download, halafu washa huduma zote mbili kwa net start. Windows italishusha sasisho upya. Hatua hii ndogo imenitatulia mengi kuliko amri zote mbili za juu, hasa kwenye nyumba zenye mtandao unaokatika katika.

Mtandao wenyewe una mambo yake. Ukitumia hotspoti ya simu iliyowekwa kama ya kulipia kwa kipimo, yaani "metered", Windows haitashusha sasisho kubwa bila ruhusa yako. Hilo si kosa, ni ulinzi wa bando lako. Subiri upate Wi-Fi ya uhakika, au nenda mahali penye intaneti nzuri, fungua tovuti ya Microsoft Update Catalog, tafuta ile namba ya KB, shusha faili kwenye flashi, urudi nalo nyumbani ulisakinishe bila mtandao. Chagua sawasawa kati ya x64, ya Windows ya biti 64, na x86, ya biti 32. Familia nyingi hawajui kwamba njia hii ipo, na kwa mtu wa kijijini ina thamani kubwa.

Umeme nao. Sasisho likishafika kwenye kile kioo cha asilimia, kukatika umeme katikati ndiko kunakoharibu mafaili. Desktopu bila UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, usiisasishe siku za mgao, na laptopu yenye betri iliyokufa ni desktopu tu. Ukiona "Undoing changes made to your computer", usiizime kwa kukasirika. Inajirudisha ilikokuwa, na kwenye diski ya sahani hilo linaweza kuchukua saa nzima.

Kama umepita kote huko na bado inagoma, jiulize Windows hiyo ilitoka wapi. Zipo nakala zilizopunguzwa ambazo zimeondolewa kabisa huduma ya kusasisha, na zipo programu za kuamsha leseni kwa magendo zinazoizima ili zisigundulike. Andika services.msc, tafuta Windows Update, uone kama imewekwa Disabled. Mashine ya namna hii hapo ndipo nakubali ipigwe Windows upya, tena kwa nakala halali kutoka kwa Microsoft, baada ya vitu vyote kuhamishwa.

Sasa kuhusu umri. Andika winver. Ukiona toleo lililo chini ya 22H2, panda kwanza hadi 22H2, maana hilo ndilo la mwisho la Windows 10. Huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta za nyumbani kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao unajiandikisha kwenye ukurasa ule ule wa Windows Update ukiwa na akaunti ya Microsoft. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ya kwenye bodi, na, kwa upande wa Intel, kwa jumla prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, kwa hiyo desktopu nyingi za mtumba haziingii. Kwa hizo, weka SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, badala ya diski ya sahani kisha uweke Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Ni ya bure, inaendelea kusasishwa, na inafanya kazi vizuri kwa kuandika, kuvinjari na kusomea. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uone kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi kwenye mashine yako, ndipo uamue.