Maswali ya wasomaji: Tunataka kutembea pwani ya Amalfi bila mwongozaji, tutaweza?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nimestaafu juzi juzi, naishi Nakuru upande wa Kiamunyi, na dada yangu ni nesi Kisumu. Tumekuwa tukiweka pesa kidogo kidogo sisi wawili, tunataka kwenda Italia tutembee kwa miguu kando ya bahari, ama pwani ya Amalfi ama ile ya vijiji vitano ya Cinque Terre. Kundi kubwa la kukimbizwa huku na kule hatutaki. Naskia kuna safari za kujiongoza wenyewe, unapewa ramani, hoteli wanakuwekea, mizigo inapelekwa na gari na wewe unatembea. Kila siku wameandika kilomita 7, kilomita 9, na hizo kwangu si kitu, nikienda Menengai natembea zaidi. Je, tunaweza wenyewe, na tuchague wapi?
*Mwalimu, Nakuru*

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kumaliza kazi salama. Ndiyo, mnaweza, njia za huko zimepakwa alama nyekundu na nyeupe kwenye mawe na kuta, na kila baada ya muda mnapita kijiji chenye watu. Lakini hizo kilomita wacha kabisa kuziangalia. Ukisoma maelezo ya safari tafuta mahali wameandika mita za kupanda na mita za kushuka kwa siku, na kama hawajaandika waulize kabla hujalipa hata shilingi, manake pwani ya Amalfi ni ngazi. Ngazi za mawe, mamia kwa mamia. Barabara ya gari ilifika huko karne ya 19 tu, kabla ya hapo ilikuwa mashua ama miguu, malimau yanashushwa mabegani mwa watu na migongoni mwa punda kutoka kwenye matuta yaliyoshikwa na kuta za mawe bila simiti, na watu waliojenga hizo njia walikuwa wa kazi, walitaka kufika, hawakuzunguka mlima, walipanda moja kwa moja.

Chukua ile njia inayosifiwa kuliko zote, Sentiero degli Dei. Inaanza Bomerano, kwenye mji wa Agerola, inaishia kijiji cha Nocelle juu ya Positano, mji ulio ufukweni, na kwa karatasi ni kilomita kama 7 hivi. Bomerano iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari na Nocelle iko chini yake, kwa hivyo itembeeni kutoka Bomerano, mkienda kinyume mtakuwa mnapanda sehemu kubwa ya siku. Hadi hapo ni raha, bahari iko chini yenu upande wa kushoto na njia ni nzuri. Sasa shida ni baada ya Nocelle, kutoka hapo hadi Positano kuna ngazi karibu 1,700 za kushuka na hapo ndipo watu huanza kushika magoti. Pumzi haitawasumbua, wewe umezoea hewa ya Nakuru ambako tuko kama mita 1,850 na hata Kisumu iko juu kuliko hiyo njia yote, lakini goti halisaidiwi na hewa. Kuna basi dogo linaloshuka kutoka Nocelle. Lipandeni kama mnaona siku imetosha.

Kuchagua, mimi ningewaambia Amalfi. Cinque Terre ni pazuri sana, na treni kutoka La Spezia inapita vijiji vyote vitano kwa dakika chache chache kwa hivyo ukichoka unarudi tu, lakini ile njia ya chini kando ya bahari mara kwa mara vipande vyake hufungwa kwa sababu ya maporomoko. Ile sehemu wanaita Via dell'Amore mawe yaliporomoka 2012 na haikufunguliwa tena hadi 2024. Ukiamua kwenda huko, angalia tovuti ya hifadhi ya taifa ya Cinque Terre wiki ile ile ya safari ujue kipande gani kiko wazi, na ujue pia njia ya chini ina kadi ya kulipia.

Amalfi kuna kitu kingine nakipenda kwa watu wawili kama nyinyi: si lazima mhame kila usiku. Kaeni Minori ama Amalfi yenyewe siku nne tano, kila asubuhi mnatoka na kibegi kidogo, mnarudi jioni kwa basi ama feri. Siku moja mnapita njia ya malimau kati ya Maiori na Minori, hiyo ni fupi na ya kuanzia, siku nyingine mnapanda mji wa Ravello ulio juu mlimani, kama mita 350 za ngazi kutoka chini, siku nyingine bonde la Valle delle Ferriere lenye maji na kivuli, halafu Sentiero degli Dei mnaiacha mpaka miguu ipate mazoea. Mkifanya hivyo hamhitaji gari la kubeba mizigo, na mkiona mvua mnabadilisha siku bila kumwomba mtu yeyote. Ile ya kuhamahama kila usiku inawalazimu kutembea hata kama dada yako ameamka na kifundo kimevimba.

Kufika ni rahisi kuliko inavyoonekana. Shukeni Napoli, pandeni treni hadi Salerno, halafu feri hadi Amalfi. Tiketi za basi za huko mnunue mapema dukani, mara nyingi kwenye maduka ya sigara yenye alama ya T kubwa nje, msingoje kununua ndani ya basi.

SWALI: Sisi ni walimu watatu Kakamega na likizo ndefu ya kati ya mwaka tunapata Agosti. Tumeambiwa huo ndio msimu wa bahari huko. Ni sawa?
*Wa Lurambi*

JIBU: Msimu wa kuogelea ndiyo, wa kutembea hapana. Agosti ni joto kali na Waitalia wenyewe wako likizo, tarehe 15 hasa ambayo ni sikukuu yao, hoteli bei juu na mabasi yamejaa mpaka mnaachwa stendi. Jua la saa sita kwenye ngazi za mawe bila mti, si mzaha, watu huishiwa nguvu. Nyinyi mna likizo ya Aprili pia, chukueni hiyo. Hali ya hewa ni ya kutembea, maua yametoka, na feri nyingi huanza tena kipindi hicho, ila bahari ikichafuka hazisafiri kwa hivyo msiweke feri siku ya kuwahi ndege. Wasiobanwa na shule, Mei ama mwisho wa Septemba ni bora zaidi.

Kitu kimoja sisi wa ikweta tunasahau ni urefu wa mchana. Huku giza linaingia saa ile ile mwaka mzima. Amalfi mwezi wa Juni jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma na baada ya hapo saa kumi na moja jioni na dakika kidogo limeshazama, na mkiwa bado mko kwenye ngazi mtazishuka gizani. Mvua za vuli nazo ni kali, Oktoba 25, 2011 mafuriko yaliingia Vernazza na Monterosso kule Cinque Terre na watu wakafa. Tangazo la hali ya hewa likisema njia zimefungwa, kaeni kijijini mle, mpumzike.

SWALI: Viza naanza lini? Niko Kisumu na sitaki kwenda Nairobi mara tatu.
*Msomaji, Milimani*

JIBU: Ombi la viza ya Schengen, ile moja inayotumika Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipungue siku 15, lakini wewe usingoje hizo siku 15, nafasi za miadi huisha. Peleka miezi mitatu kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifidie angalau yuro 30,000 za matibabu. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi. Kwa safari ya kujiongoza andika ratiba ya kila siku na uambatishe hoteli za usiku wote, tafuta zile unazoweza kufuta bila kukatwa pesa, manake hamna kampuni ya kukuandikia barua na anayesoma faili lako lazima aone unalala wapi. Taarifa za benki na barua ya kazi zipange nyumbani kabla hujapanda gari, utaenda mara moja.

SWALI: Ninunue buti za mtumba Kibuye ama raba zinatosha? Na nifanye mazoezi gani?
*Kijana wa Kondele*

JIBU: Raba yenye soli ya kushika inatosha kwa Amalfi, patapata usithubutu. Buti za mtumba zipo nzuri sana, lakini kunja soli kwa nguvu na ubonyeze pembeni kabla ya kulipa, buti iliyokaa stoo miaka mingi soli yake ya ndani huoza na inaweza kubanduka njiani siku ya kwanza. Tembea nayo mwezi mzima huku nyumbani. Mazoezi, panda Riat, lakini kushuka ndiko uzingatie, shuka polepole bila kurukaruka, anza mara mbili kwa wiki, halafu ongeza begi lenye lita tatu za maji. Huna kilima, tumia ngazi za jengo lolote refu, shuka kwa miguu kila siku. Fimbo za kutembelea mbili zinasaidia magoti, na za mianzi zinafanya kazi, ila mara nyingi hawakuruhusu kuingia nazo ndani ya ndege, kwa hivyo nunua huko. Ramani pakua kwenye simu kabla ya kutoka hotelini, beba chaja ya akiba, soketi za Italia si kama zetu za pini tatu za mraba kwa hivyo beba adapta, na namba ya dharura ni 112, inapigwa bure hata kwa laini ya Kenya.