Kadi ya grafiki kwa OptiPlex ya wati 240

Kaka, kwa ile kompyuta yako ndogo ya Dell OptiPlex yenye pawa saplai ya wati 240, uliyouliza iwekewe kadi gani ya grafiki, tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Inakula wati 75, na sloti ya kwenye bodi inapochomekwa kadi inazitoa yenyewe. Hakikisha ni ya kimo kifupi. Mimi nilibeba ya kimo kamili hapa Kisumu, kifuniko cha kesi kikakataa kufunga, nikairudisha jioni hiyo hiyo. RX 6400 ni wati 53 tu, lakini inatumia leni 4 pekee (njia za kupitisha data kati ya kadi na bodi), kwa hiyo kwenye bodi yenye sloti ya zamani ya PCIe 3.0 kasi inapungua. GT 1030 yenye memori ya DDR4, ambayo ni ya polepole, usiiguse, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Na usilipe kabla fundi hajaichomeka ukacheza gemu nusu saa hapo hapo dukani.