Jibu: Majani ya mpingo ni mepesi, mbona mti unakua polepole?

Salaam ndugu. Umepima majani ya miche ya mpingo, ukapata eneo kubwa kwa kila gramu ya uzito mkavu, yaani majani mepesi kama ya miti inayokua haraka, na unashindwa kuelewa mti unaokua taratibu vile umepataje majani ya mti wa haraka.

Kwanza angalia uliyachuma wapi. Majani ya kivulini huwa mapana lakini yenye unene mdogo, na ya kitaluni yanayomwagiliwa kila siku vivyo hivyo. Mimi huchuma yaliyokomaa upande wa jua kali, nayalowesha kabla ya kupima eneo, kisha nayakausha kwa nyuzi 70 siku 2 hadi 3. Kikonyo nacho uamue mapema: kiwemo kwa yote au kisiwemo kabisa. Hukusema ulifanyaje.

Ila hata ukirudia, namba zinaweza kubaki juu. Mpingo hupukutisha majani kiangazi, haulazimiki kujenga jani gumu la miaka. Tena ni jamii ya kunde, mizizi yake hupata naitrojeni, kirutubisho cha kujengea majani, kwa msaada wa bakteria. Unapokawia ni kwenye kujenga mbao, nzito hadi inazama majini. Tafadhali pima pia uzito wa shina kwa ujazo wake kabla hujauita mti wa haraka, hasa kama matokeo yataongoza upandaji.