Boriti si pau: kwa wanaoandika mradi mwaka huu

Wadogo zangu wa mwaka wa nne hapa Lamu, mbona kila rasimu inasema mahitaji ya mfumo "yameandikwa kwa kufuata IEEE 830-1998", yaani kiwango cha kuandika mahitaji ya programu za kompyuta? Mmenakili kwa waliowatangulia, nao walinakili kwa waliowatangulia wao. Kiwango hicho kilishaondolewa. Nafasi yake ilichukuliwa na ISO/IEC/IEEE 29148 mwaka 2011, na hicho nacho kikarekebishwa 2018. Mwaka 2011 wengi wenu mlikuwa bado chuoni kwa mwalimu, mnahifadhi juzuu amma.

1. Tazama hadhi kabla ya maandishi. Fundi wa nyumba akiagiza boriti ukamletea pau, atakurudisha nazo, kwa sababu dari haishikwi na pau. Waraka nao ni hivyo hivyo. Si kila RFC, yaani waraka wa mfululizo unaoeleza kanuni za intaneti, ni kiwango: nyingine ni za taarifa tu, nyingine za majaribio. Rasimu za IETF, jumuiya inayotunga kanuni hizo, huisha muda baada ya miezi sita, na zenyewe zimeandika kwamba zisitajwe ila kama kazi inayoendelea.

Hapa ndipo mnapoponzwa na faili la .txt. RFC ikishachapishwa haiguswi tena. Ukishusha RFC 793 ya TCP, kanuni ya kusafirisha data mtandaoni, utapata maandishi ya Septemba 1981 kama yalivyokuwa, na hayatakwambia kwamba Agosti 2022 ilikuja RFC 9293 kushika nafasi yake. Kwa hiyo usianze na faili. Fungua ukurasa wake wa maelezo kwenye rfc-editor.org, tafuta maneno "Obsoleted by", ufuate namba mpaka ufike isiyokuwa nayo. Kwa HTTP, kanuni ya kurasa za wavuti, utapita vituo viwili: RFC 2616 ya 1999 ilivunjwa ikawa 7230 hadi 7235 mwaka 2014, nazo zikaachia 9110 hadi 9112 mwaka 2022. Papo hapo bonyeza "Errata" uone makosa yaliyoripotiwa.

2. Sifa sita. Hili ndilo linalouma, na halitibiwi kwa kubadilisha rejea usiku wa kuamkia utetezi.

Mtu ametengeneza mfumo wa miadi ya zahanati. Anataka kupima ubora wake, anachukua ISO/IEC 9126, kiwango cha ubora wa programu, kwenye mradi wa zamani. Pale kuna sifa sita: utendaji, kutegemeka, urahisi wa kutumia, ufanisi, urahisi wa kutunza na uhamishikaji. Anatunga hojaji yenye sehemu sita. Anapanda boti hadi Faza, anaendelea Kizingitini, anawabembeleza wauguzi wenye foleni mlangoni, anarudi na karatasi zimejaa. Anachora chati. Siku ya utetezi mtahini anauliza swali moja tu: usalama wa taarifa za wagonjwa umeupima wapi?

Hakuupima. Kwenye 9126 usalama ulikuwa sifa ndogo iliyofichwa ndani ya utendaji, na hojaji yake haikuzama hadi huko. ISO/IEC 25010 ya 2011, iliyoshika nafasi yake, iliutoa ukawa sifa kuu, pamoja na upatanifu, zikawa nane. Toleo la 2023 limezifanya tisa kwa kuongeza usalama dhidi ya madhara kwa watu na mali, tena likabadilisha majina ya baadhi ya zile za zamani. Kwa hiyo aliyekosea toleo ana pengo kwenye data yenyewe, na dawa ya pengo la data ni boti tena, nauli tena, na wauguzi walewale ambao safari hii hawacheki. Yote hayo kwa kutofungua ukurasa wa kiwango kwenye iso.org, ambako imeandikwa wazi kwamba kimeondolewa na kilichokirithi ni kipi.

3. Msinunue ovyo, na msichukue nakala za wizi zilizokatwa kurasa. Mashirika ya IETF, W3C, Ecma, ITU-T, 3GPP na NIST hutoa viwango vyao bure. Familia ya IEEE 802, yaani viwango vya mitandao kama Wi-Fi na Ethernet, huwa bure kupitia GET, mpango wa IEEE wa kutoa viwango bila malipo, miezi sita baada ya kuchapishwa. ISO ni ya kulipia, lakini upeo na istilahi husomwa bure kwenye OBP, jukwaa lake la mtandaoni, na kwa sura ya pili, ya mapitio ya maandiko, mara nyingi hizo zinatosha. Anayehitaji kiwango cha lugha ya programu ya C asome rasimu ya kamati: N1570 kwa C11, toleo la 2011.

4. Machapisho ya sekta. Jarida la ACM Queue ni bure, na mada za mikutano ya kompyuta ya USENIX ni wazi kwa wote. Waraka wa kampuni inayouza kitu utumie kuonyesha kwamba watu wanafanya jambo fulani. Usiutumie kuthibitisha kwamba kitu chao kina kasi. Ripoti za uchambuzi mnazopewa "bure" kwa kuacha baruapepe hulipiwa na muuzaji aliyesifiwa humo. Aliyekosolewa hakusambazii.

5. Andikeni mwaka na kifungu: ISO/IEC 25010:2023, si "ISO 25010" tupu.

Na wewe uliyeweka RFC 1149 kwenye mapitio ya maandiko ukisema ni suluhisho kwa visiwa visivyo na mtandao: tazama tarehe yake, 1 Aprili 1990. Ni mzaha wa pakiti za data kubebwa na njiwa. Itoe kabla msimamizi hajafika ukurasa huo.