Laptopu ya gemu ikichemka, anza kwa kushika hewa inayotoka

Gemu linakwenda vizuri dakika kumi za kwanza. Kisha picha zinaanza kukatakata, feni inavuma mpaka chumba cha pili, na juu ya kibodi hapashikiki. Wengi wakifika hapo husema kadi ya picha imekufa. Mara nyingi haijafa: prosesa, chipu kuu ya kompyuta, imejipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina ukomo wa nyuzi 100 za Selsiasi, na za AMD hazipishani nazo sana. Ikigusa ukomo inashusha kasi, ikipoa kidogo inapandisha, na kule kupanda na kushuka ndiko kunakokatakata picha.

Usinunue kitu kabla ya kupima. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, ni ya bure, iache wazi, cheza dakika 20, kisha soma safu ya viwango vya juu kabisa. Kwa laptopu ya gemu, prosesa kufika 80 hadi 90 ni kawaida, na kadi ya picha 75 hadi 85 pia. Prosesa inayokaa 95 kwenda juu muda wote ina tatizo. Ikiwa joto ni 65 na picha bado zinakwama, acha bisibisi mezani, ugonjwa uko kwingine: RAM imejaa, diski ni ya polepole au draiva (programu inayoendesha kadi ya picha) ni mbovu.

Kumbuka pia chumba chako. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 32. Video nyingi za majaribio hupimwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongeza karibu nyuzi moja ndani ya mashine. Usijilaumu kwa kushindwa kufikia namba za mtu wa Ujerumani.

Sasa weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa, gemu likiwa linaendelea. Kipimo hiki ni cha bure na mafundi wengi wanakiruka. Hewa ikitoka ya moto sana lakini dhaifu, njia imeziba kwa vumbi. Ikitoka kwa nguvu lakini ni vuguvugu tu, wakati HWiNFO inasoma 98, joto halivuki kutoka kwenye chipu kwenda kwenye shaba, kwa hiyo pesti ya joto, ule uji unaopakwa kati ya chipu na shaba, imekauka au imehama. Mwendo wa namba nao unasema: joto linalopanda polepole kwa dakika kumi ni la vumbi, linaloruka kutoka 50 hadi 98 kwa sekunde mbili tatu ni la pesti.

Vumbi halitoki kwa kupuliza kutoka nje. Linajisokota kati ya feni na mapezi ya shaba, vile vibamba vyembamba vya kutolea joto, mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi, na ukipuliza unalirudisha tu ndani. Lazima ufungue. Bisibisi ya nyota (Phillips) namba 0 inatosha kwa mashine nyingi. Chora mfuniko wa chini kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake, maana skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hutoboa kibodi. Mfuniko ufungue kwa kadi ya zamani ya benki, si kwa kisu. Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi ya betri kwa kushika kichwa chake, si nyaya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Betri ikiwa imevimba, simama hapo hapo. Usiibonyeze wala kuitoboa, peleka ikabadilishwe.

Toa feni, kwa kawaida skrubu tatu au nne, na livue lile blanketi kwa kibano. Mara nyingi hutoka zima. Mapezi yapige brashi kavu. Unapopuliza feni, zuia pangaboi lake kwa kidole, kwani likizungushwa kwa kasi kuliko lilivyoundwa beringi huharibika. Kompresa ya gereji iache, hewa yake ina maji na mafuta.

Kama tatizo ni pesti, hitisinki, ile shaba inayolalia chipu na kubeba joto lake, lazima itoke. Skrubu zake huwa zimeandikwa namba: legeza kidogo kidogo kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Ikigoma usiivute juu, izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Chipu za laptopu kwa kawaida hazina kofia ya chuma ya kusambaza joto, kwa hiyo pembe zake zisipofunikwa na pesti zinapata joto kupita kiasi. Tandaza pesti nyembamba juu ya chipu yote. Kiasi cha punje moja ya mchele kwa prosesa na mbili kwa kadi ya picha kinatosha.

Pesti nyepesi husukumwa pembeni kila chipu inapopata moto na kupoa, na baada ya miezi kadhaa unarudi ulikoanza. Kwa laptopu, badala ya pesti, tunapendelea karatasi ya PTM7950 ya Honeywell, ambayo hulainika ikifika nyuzi 45 hivi na kukaa mahali pake. Ikate sawa na chipu, iweke kwenye friji dakika chache ili plastiki yake ibanduke bila kuichana.

Kosa linaloharibu mashine nyingi liko kwenye vile vipande laini vya mpira vinavyokaa juu ya memori ya kadi ya picha. Fundi akitupa cha milimita 1 na kuweka cha 1.5, hitisinki inainuka na haigusi tena chipu. Akijaza pesti badala yake, memori inabaki bila kupoozwa. Na ukikuta kimiminika cha fedha kinachong'aa juu ya prosesa, funga. Hiyo ni metali ya maji. Inapitisha umeme na inakula alumini.

Kisha mipangilio. Funga gemu lisizidi fremu 60 kwa sekunde, inua nyuma ya laptopu sentimita 3, usichezee kitandani. Kwenye Windows, kushusha "Maximum processor state" hadi 99% huzima kasi ya ziada ya prosesa na joto linaweza kushuka nyuzi 10 au zaidi. Stendi ya feni iwe ya mwisho kununua.

Ukishafunga, rudia kipimo kile kile: gemu lile lile, chumba kile kile, dakika 20. Kiini kimoja cha prosesa kikiwa na joto kuliko vingine kwa nyuzi 15, hitisinki imekaa upande. Fungua tena, zikaze skrubu kwa kukatisha pembe, kila moja nusu mzunguko kwa zamu.