Mzee Karani anajibu: dola 30 za La Haye

SWALI: Jambo Mzee. Kaka yangu mkubwa alikufa Kisangani mwezi wa sita 2000, katika ile vita ya siku sita kati ya majeshi ya Uganda na Rwanda. Bomu liliangukia nyumba aliyokuwa amepanga. Sasa kuna bwana hapa Kadutu anaandika majina ya wahanga, anasema mahakama ya La Haye, kule Uholanzi, italipa. Anataka dola 30 kwa kila jina. Nitoe?
Mama wa watoto wanne, Bukavu

JIBU: Usitoe, dada yangu. Kama umeshatoa, mdai mbele ya shefu wa avenyu.

Nimekuwa karani wa mahakama ya kijeshi miaka mingi, na hakuna neno lililonichosha kama hilo "La Haye". Kule mahakama ni zaidi ya moja, na bwana wako amezichanganya, labda makusudi.

CPI, mahakama ya kimataifa ya jinai, hushitaki watu. Ndiyo iliyomfunga Bosco Ntaganda, mkubwa wa waasi, miaka 30 kwa makosa ya vita ya Ituri. Lakini haigusi kosa lililotendwa kabla ya tarehe 1 mwezi wa saba 2002. Kaka yako alikuwa ameshazikwa miaka miwili. Kwa huko, hata avoka wa Kinshasa hakusaidii.

Inayokuhusu ni CIJ, mahakama ya kimataifa ya haki, ya kesi za nchi kwa nchi. Congo iliishitaki Uganda kwa vita iliyopigana kwetu, ikashinda 2005, na mwaka 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325 kwa mafungu matano ya kila mwaka. Milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu. Fedha hiyo hulipwa serikali yetu, haiji mkononi mwako kutoka Ulaya. Serikali imeunda mfuko wa wahanga, FRIVAO, wenye makao Kisangani. Huko ndiko pa kuuliza.

(Rwanda nayo tuliishitaki. 2006 mahakama ikasema haina mamlaka, kwa kuwa Rwanda haikukubali kuhukumiwa pale. Watu wa hapa wakiniuliza "na sisi?", natazama chini.)

Tafuta cheti cha kifo. Kama hakipo, barua ya paroko au ya jirani aliyemzika, yenye jina na saini. Toa kopi, orijino ibaki kwako. Nimeona faili likilala miaka kwa sababu picha ya pekee ya marehemu ilipotelea kwa mtu wa "kusaidia".

Umesema alikuwa amepanga. Mwenye nyumba yu hai? Anza na huyo.